Hatua ya Kuburuza

Kangzhuang, Hebei
14 Machi 1985

Kaka Shoutian,

Barua hii ikikukuta mzima nitashukuru. Ikikukuta unaumwa goti, basi isome ukiwa umelala. Sisi huku hatujambo. Baridi imekataa kuondoka, na kabichi za akiba tulizozika shimoni zimebaki mbili tatu, zimelegea kama mimi. Mjukuu wangu mkubwa ameoa msichana wa ng'ambo ya mto. Ni mchapakazi, ila ulimi wake mkali, nami nikamwambia mwanangu kwamba hapo nimepata wa kunirithi. Mkunazi wa uani umepasuliwa na upepo, nusu imelala chini. Nusu iliyosimama bado inazaa.

Barua yako ya mwisho ilikawia sana. Binamu Peiwen wa Hong Kong, anayetupitishia barua kwa kuwa hazivuki moja kwa moja, anaapa kwamba aliibadilisha bahasha siku ileile aliyoipata, kwa hiyo sijui ilikaa wapi. Ilifika imefunguliwa na kugundishwa tena vizuri. Nakwambia ujue, si uogope.

Sasa neno lenyewe. Idara ya michezo imemtuma kijana aitwaye Nie, ana miwani na kamera, aje kukusanya michezo ya kale ya mapigano kabla wazee hatujaisha. Ana adabu, huvua kofia kabla ya kuingia. Anautaka mchezo wetu wote wa upanga mkubwa, na kwa kila pigo anataka kujua limezaliwa wapi. Hapo nikajiona tajiri. Nikamweleza kwamba mkato wa chini ni wa mwaka walipokuja majambazi wa farasi, maana farasi hukatwa miguu kwanza. Kuegemeza mgongo ni kwa yule babu aliyekuwa akilinda mikokoteni ya chumvi, kwa kuwa ukivamiwa barabarani huna ukuta ila gurudumu. Nikamwambia na sheria yetu: anayeushika mchezo ana ruhusa ya kubadili mahali pamoja tu maishani mwake, na lazima asimame makaburini mbele ya wenzake aseme sababu. Nie akaandika kila neno. Alisema kwingine alikopita anapewa hadithi za wazee wanaopaa juu ya mapaa.

Halafu tukafika kwako.

Wewe, Kaka, hukubadili mahali pamoja tu. Ulirudi kutoka vita vya Ukuta Mkuu, mlikopigana na Wajapani masika yale ya 1933, bega limefungwa, ukakaa mpaka ngano ikavunwa. Ukatukusanya watoto uani ukatufundisha upya. Mruko ukautoa. Teke ukalitoa. Kuzungusha upanga juu ya kichwa, kule alikojivunia baba mbele ya wageni, ukakutoa. Ukaacha mikato michache na miguu isiyonyanyuka, inaburuzwa, vidole vikitangulia. Na katikati, baada ya mkato wa kushoto, mguu wa nyuma unatikiswa kifundo mara moja kwa nguvu, ndipo mtu anaendelea. Makaburini hukwenda. Sababu hukusema. Ukajiunga tena na jeshi, na mchezo ukaniangukia mimi kwa sababu wanaume walikuwa wamekwisha. Nusu ya kijiji hiki inatikisa mguu na haijui inatikisa nini.

Nie akaniuliza sababu. Baosheng, mtoto wa binamu yetu, akadakia, eti ulikuwa unachechemea kwa jeraha, nasi tukaiga kilema tukakiita elimu. Watu wakacheka. Anataka hatua inyooshwe na mruko urudi, apeleke vijana mashindanoni. Mimi ndiye niliyeliosha jeraha lako, na lilikuwa begani. Lakini zaidi ya hapo sina jibu. Kamera itarudi baada ya mavuno. Nipe sababu niutetee mchezo wako, au sema hakuna, nimwachie Baosheng.

Na lile swali langu la kila barua, usilichoke. Viatu nilivyomshonea ndugu yetu Shougen, tuliyemwita Kijiwe, vile nilivyompa mchuuzi Tao avipeleke kambini kwenu kabla ya mapigano: vilimfikia? Ulipokuja uliniambia mimi na mama kwamba Kijiwe amepotea. Hukusema amekufa. Mama akawa anamwekea ndugu yetu bakuli lake kila mwaka mpya, mpaka naye akaenda zake mwaka ule wa njaa. Aliyepotea hachimbiwi kaburi, Kaka. Kila siku ya kufagia makaburi namchomea karatasi zake za pesa za wafu njia panda, kama mtu asiye na kwao. Nimeshakuwa mzee. Nataka kujua nimweke wapi.

Mdogo wako,
Xiurong


Zhongli, Taiwan
2 Juni 1985

Mdogo wangu Xiurong,

Barua nimeipata. Mimi ni mzima. Huku ni mvua tu, nguo hazikauki. Goti liko vilevile. Bado nauza mikate ya mvuke asubuhi karibu na soko. Wateja wangu ni wazee waliokuja na jeshi kutoka bara kama mimi, nao wanapungua. Juzi tumemzika mzee Fu wa Shandong, aliyekuwa akilala chumba cha pili. Redio yake nimepewa mimi. Inashika stesheni moja.

Hongera kwa mkwe. Mwambie ulimi mkali ni akiba ya uzeeni, akuangalie wewe.

Kuhusu mchezo. Mruko niliutoa kwa sababu ukiwa hewani huwezi kubadili njia, na mwenye bunduki yenye kisu anakungoja utue. Teke nililitoa kwa sababu umevaa koti la pamba lililolowa, umesimama kwa mguu mmoja, sasa hapo unatafuta nini? Kuzungusha upanga juu ya kichwa kunamjeruhi mwenzako aliye nyuma. Niliona kwa macho yangu. Mambo hayo tulijifunza wote asubuhi moja. Baba hakuwa na kosa. Baba maishani mwake alipigana na mtu mmoja, na mtu mwenyewe alikuwa amelewa.

Hatua ya kuburuza ni kwa sababu ya theluji. Ukinyanyua mguu unateleza. Kutikisa kifundo ni kukung'uta theluji. Mwandikishe hivyo huyo kijana wa kamera.

Baosheng akitaka kunyoosha, anyooshe. Mchezo ni wa waliopo. Mimi sichezi tena. Kuna bustani hapa, asubuhi watu wanacheza ule wa polepole, taichi. Mimi hupita tu.

Hayo mengine uliyoniuliza: mkunazi uukate pale ulipopasuka kabla wadudu hawajaingia, kisha upake chokaa.

Kaka yako,
Shoutian


Kangzhuang
30 Julai 1985

Kaka,

Mkunazi nimeukata, chokaa nimepaka. Mkwe ni mjamzito, anatapika kila kitu isipokuwa kunazi kavu, kwa hiyo mti umepona mahali pazuri. Mahindi yamesimama vizuri. Joto ni la kuchemsha bata.

Umenijibu kuhusu mti, ahsante. Mimi niliuliza habari za mtu.

Jibu lako la theluji nilimpa Nie alipopita bila kamera, naye akaliandika. Kisha akasema, kwa adabu zake zile, kwamba wilaya ya jirani yupo mzee Guo Liansheng, aliyekuwa katika kikosi chenu cha mapanga kule Ukutani, naye anaburuza mguu. Sikungoja. Nilipanda trekta la mjukuu nikaenda. Mzee Guo haoni jicho moja, anafuga bata. Nilimwomba anionyeshe. Akaokota fimbo ya kufukuzia bata akacheza. Kaka, ni hatua yetu ileile. Nikamwambia kaka yangu anasema ni kwa ajili ya theluji. Akaniangalia kwa jicho lake hilo moja, akasema kaka yangu ni mtu mwema.

Akanieleza yote kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mbegu. Kwamba bunduki zilikuwa chache, mkagawiwa mapanga. Kwamba mlipanda alfajiri kwa mafungu, fungu nyuma ya fungu, na handaki la adui lilikuwa jembamba, mkaingia mmoja nyuma ya mwingine. Fungu la kwanza liliishia mlemle. La pili likapita juu yake. Ukinyanyua mguu lazima uushushe, na pa kuushushia ni juu ya mtu wenu. Basi hamkunyanyua. Mliusogeza kwa vidole, mkipapasa, mpaka upate ardhi. Amri ilikuwa macho mbele, asisimame mtu, kwani akisimama mmoja walio nyuma yake wanakwisha wote. Anasema waliotoka hai walitembea hivyo muda mrefu, hata wakienda chooni.

Nikainuka nikamwonyesha mchezo wetu. Alikuwa anakubali kwa kichwa, mpaka nilipofika kwenye kifundo. Akaniambia nisimame hapohapo.

"Hicho mimi sina," akasema. "Nani kakufundisha?"

Nikamwambia ni kaka.

"Mama, waliolala mle si wote walikuwa wamekufa," akasema. "Wengine walikuwa wanashika miguu ya wanaopita. Hicho ni cha mtu aliyeshikwa."

Nikakaa chini kwenye kinyesi cha bata. Nilingoja nilie, sikulia. Aliniwekea mayai kwenye kitambaa, nikayabeba hadi nyumbani, hakuna lililovunjika.

Nimefundisha kutikisa huko tangu niwe msichana. Nimewakaripia watoto waliotikisa kivivu. Nilikuwa nawaambia, tikisa kwa nguvu, akuachie. Sikujua kwa nini nilikuwa nasema "akuachie". Nadhani nilikusikia wewe ukisema.

Hapa kijijini kila mtu anajua kwamba Kijiwe alipangwa fungu la kwanza na wewe la pili. Sikuulizi ulifanya nini. Mzee Guo ameshaniambia kila mtu alifanya nini. Nauliza jambo moja, nami sitaliuliza tena: viatu vilimfikia?

Xiurong


Kangzhuang
6 Novemba 1985

Kaka,

Ni mimi tena. Nimeona nisikae kungoja jibu lako kama mama alivyokaa.

Mkwe amejifungua binti, mdogo kama paka, lakini ananyonya kwa bidii. Mahindi yameingia ndani.

Kamera imekuja na kuondoka. Vijana wa Baosheng waliruka, wakapigiwa makofi, na kusema kweli walistahili. Halafu nikacheza mimi, mchezo wako ulivyo. Nilikuwa nimeazimia kwamba nikifika pale sitatikisa. Nilipofika, mguu ulitikisika wenyewe kabla sijaukataza. Nie akauliza asili ya pigo lile. Nikamjibu haijulikani. Aliniangalia kidogo, akaandika haijulikani.

Jioni nilikula kama kawaida nikalala. Sioni uchungu, sioni nafuu, ni kama mkono uliokaliwa mpaka ukafa ganzi. Kama umenikasirikia, kasirika kwa maandishi.

Xiurong


Zhongli
19 Januari 1986

Mdogo wangu,

Barua zako zote mbili ninazo. Ya kwanza ilifika mwezi wa tisa. Sijakukasirikia.

Mvua imepumzika. Redio imeharibika. Nimefurahi kusikia habari za mtoto. Kama alizaliwa mdogo msimfunge nguo kwa kubana, na mama yake anywe supu ya kuku.

Mpe salamu Guo Liansheng. Nilidhani amekufa.

Vilimfikia. Alikuwa amevivaa. Kisigino cha kushoto kilikuwa na kiraka cha bluu. Sikumtazama uso, amri ilikuwa macho mbele. Nilitazama chini mara moja tu, nikaona kiatu, kisha nikaendelea.

Mchimbie kaburi.

Shoutian


Kangzhuang
8 Aprili 1986

Kaka yangu,

Sisi wazima. Mtoto amenenepa, anacheka na kila mtu hata Baosheng. Mkunazi umetoa majani. Uji ulikuwa mwingi msimu huu, hakuna aliyelala njaa.

Kiraka cha bluu sijapata kukuandikia. Kitambaa cheusi kiliniishia, nikaiba kipande cha suruali ya mama, na sikumwambia mtu kwa kuogopa fimbo. Nilipoisoma barua yako nilikaa juu ya kitanda cha udongo chenye jiko ndani yake mpaka moto ukazima chini yangu. Mkwe akaja, hakusema kitu, na kwa mtu kama yule hilo ni jambo kubwa. Akauwasha.

Kijiwe ana kaburi sasa. Yuko upande wa kushoto wa mama. Mwili hatuna, kwa hiyo tumezika mavazi, kama desturi. Nilimshonea viatu vipya. Macho yangu hayaoni tundu la sindano, mkwe ndiye aliyekuwa ananitungia uzi. Kitambaa cheusi kilitosha, lakini kisigino cha kushoto nimekitia kiraka cha bluu, asije akavikataa akidhani ni vya mtu mwingine. Safari hii sikwenda njia panda.

Jambo la pili. Katika miaka yote hii nimeushika mchezo na sijabadili chochote. Zamu yangu ya kubadili nilikuwa bado ninayo. Basi siku ileile, watu walipokuwa bado wamesimama makaburini na majembe yao, niliitumia. Kwanza nilisema sababu yako, kwa kuwa wewe hukuisema. Nilisema yote kama Guo alivyonieleza na kama ulivyoandika. Kisha nikasema yangu: pale mguu unaposhikwa, kuanzia leo hatutikisi. Tunainama, tunaugusa mkono ule kwa mkono wetu, tunainuka, tunaendelea.

Baosheng hakuwa na ubaya, ila yeye ni mtu wa mashindano. Akasema, "Shangazi, anayeinama vitani anakatwa."

Nikamwambia, "Ndiyo. Anakatwa yeye na walio nyuma yake. Ndiyo maana kaka yangu hakuinama, na ndiyo maana nyinyi mlipata wa kuwafundisha. Haya, sasa inameni."

Wakainama. Baosheng naye, mwisho wao, na suruali yake ya sherehe.

Nie nimempelekea neno aje na kamera yake tena. Pale alipoandika haijulikani, afute.

Mdogo wako,
Xiurong


Zhongli
15 Juni 1986

Mdogo wangu Xiurong,

Barua yako imefika upesi safari hii, wala haikufunguliwa. Mimi ni mzima. Mvua imeanza tena. Redio nimeipeleka kwa fundi, naye anasema inafaa kutupwa, basi nimeirudisha nyumbani.

Jana nilimaliza mikate mapema nikapita bustanini. Wale wa polepole walikuwa wameshaondoka. Sina upanga, nilikuwa na mwavuli. Nikaanza mwanzo. Nilidhani nimesahau, lakini miguu haikusahau. Inaburuza ilivyokuwa ikiburuza.

Nilipofika pale niliinama, kama ulivyosema. Nikaweka mkono chini. Goti likakataa kuniinua. Basi nikabaki hapohapo, mkono uko kwenye saruji yenye maji, mwavuli umelala pembeni. Sijui nilikaa kiasi gani. Akaja mama mmoja aliyekuwa anatoka sokoni, akatua kikapu chake cha mboga, akanishika kwapa. "Mzee, umeanguka? Nikuinue?"

Nikamwambia angoje kidogo, bado sijamaliza.

Akangoja.

Kaka yako,
Shoutian